Hedifoni za Bei Nafuu: Besi au Konsonanti?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya hedifoni zisizo na waya, aghalabu kinachotembezwa ni besi. Mwanafunzi anayeishi Kiganjo, viungani mwa mji wa Thika, na kwenda chuoni kwa matatu, huelezwa kuwa hedifoni bora ni ile inayotikisa kichwa. Makala haya yanashikilia kwamba kigezo hicho ni potofu, hasa kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye sikio ndilo zana yake ya kwanza ya kazi.

Ni bayana kwa aliyesoma fonetiki kwamba irabu hubebwa na sauti nzito zenye nguvu, ilhali vikwamizo kama vile /s/, /th/ na /f/ hubebwa na sauti nyembamba na dhaifu. Besi inapozidi, irabu husikika lakini vikwamizo hufifia; "thamani" ikakaribia kuwa "samani". Anayenukuu masimulizi ya wazee au mahojiano ya utafiti hawezi kuimudu hasara hiyo.

Na ichukuliwe mifano miwili ya hedifoni za kukaa juu ya sikio: JBL Tune 510BT na Sony WH-CH520. Watengenezaji hutaja saa 40 za chaji kwa ya kwanza na saa 50 kwa ya pili. Kwa mtu anayelala penye umeme, tofauti hiyo ni ndogo. Tofauti ya maana ni kwamba ya pili ina programu ya simu inayomwezesha mtumiaji kupunguza besi. Ya kwanza haina. Kwa hivyo, pengo la bei likivumilika, ya pili ndiyo imfaayo msikilizaji wa usemi. Hata hivyo, zote mbili hazina tundu la waya wa sauti: chaji ikiisha, kazi husimama. Asiyeweza kuzimudu asione haya kununua za waya.

Wapo watakaodai kwamba besi kubwa huzima kelele za matatu. Hoja hii haina mashiko. Hedifoni inayokaa juu ya sikio hailizibi, hivyo kelele hupenya na msafiri huongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4. Safari ya nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, siku tano kwa wiki, tayari ni saa 5. Isitoshe, madhara ya kelele kwa kawaida huanzia karibu na hezi 4,000, katika eneo linalobeba konsonanti hizo hizo. Anayeshindana na kelele za matatu huanza kupoteza kile alichonunulia hedifoni.

Yafaa basi mnunuzi aende dukani na rekodi ya mtu anayezungumza badala ya wimbo. Aisikilize kwa sauti ya chini, apime iwapo "dhana" na "zana" zinatofautika, na azivae robo saa ajue kama zinabana. Akishanunua, atumie hedifoni hizo maktabani na chumbani. Ndani ya matatu alipumzishe sikio. Hedifoni ikiharibika hununuliwa nyingine, lakini sikio halina duka.