Wamekukatalia, au Hawakukuelewa?



Ndugu zangu, kuna lalamiko ninalolisikia sana kwa vijana wetu walioajiriwa: "Sheikh, nimetoa wazo zuri kazini, wamelipiga chini. Wana husuda." Husuda ipo, siikatai, na Qur'an imetufundisha kujikinga nayo. Lakini kabla hujamtuhumu mwenzako kwa maradhi ya moyo usiouona, jiulize: je, alielewa ulichosema?

Kijana mmoja wa ghalani, katika kampuni inayosambaza bidhaa madukani, alinieleza baada ya swala ya Isha jinsi wazo lake lilivyozimwa kikaoni. Alikuwa ameandaa kurasa 30 za kuonyesha ukutani, zimejaa michoro na maneno ya Kizungu. Nikamwambia, hebu nieleze mimi, mwalimu wa madrasa. Akasema: "Mzigo wa duka la mwisho upakiwe kwanza, wa duka la kwanza ukae mlangoni. Sasa hivi dereva anashusha nusu ya gari njiani ili afikie katoni tatu." Nikaelewa hapo hapo. Nikamuuliza kama kikaoni alisema hivyo. Akainamisha kichwa, akacheka.

Mtazameni Umar bin al-Khattab, radhiyallahu anhu. Baada ya vita vya Yamama alimwendea Khalifa Abu Bakr na jambo jipya kabisa: Qur'an ikusanywe pamoja. Kisa kimo katika Sahihi al-Bukhari, kwa mapokezi ya Zayd bin Thabit. Angalieni alivyoyapanga maneno yake. Alianza na lililokwisha kutokea, ambalo hakuna aliyeweza kulikana: wasomaji wengi wa Qur'an wameuawa Yamama. Akafuatisha anachokihofia: wakiuawa wengine kwenye vita vingine, sehemu kubwa ya Qur'an itapotea. Ndipo akasema anachotaka. Basi. Msikilizaji alikwisha liona tatizo kabla hajaletewa dawa. Sisi tunaanza na dawa, tena tunaisifu, na mgonjwa hajui hata kama anaumwa.

Na Abu Bakr hakukubali mara moja. Aliuliza vipi afanye jambo ambalo Mtume ﷺ hakulifanya. Hilo ni swali la mtu anayechunga amana, si la hasidi. Umar hakununa, wala hakwenda kumsema barazani. Alimrudia, akamrudia tena, mpaka Allah akakikunjua kifua cha Abu Bakr. Kisha akaitwa Zayd aifanye kazi, naye akaleta pingamizi lile lile, naye akaelezwa mpaka akaridhika. Wewe umeulizwa maswali mawili tu, umefunga faili!

Hapa nina neno na wakubwa wa kazi. Abu Bakr alipomweleza Zayd, alisema wazi kwamba Umar ndiye aliyemjia na jambo hilo. Hakulifanya lake. Wangapi leo wanachukua wazo la karani na kulipandisha juu kwa jina lao? Halafu wanashangaa vijana wamekuwa mabubu vikaoni.

Mwenye ulimi mzito asione haya. Nabii Musa, alayhi salaam, alimwomba Allah amtume pamoja naye nduguye Harun, kwa kuwa ni fasaha zaidi yake. Imo katika Surat al-Qasas. Nawe mtafute mwenzako anayejua kueleza, mwelezane mpaka alimeze wazo kama wewe, mwingie wote wawili. Najua wengi wenu kabla ya kikao mnasoma ile dua ya Musa ya Surat Taha. Vizuri sana, msiiache. Ila usiisome dua ya kufunguliwa ulimi kisha ukaufunga mwenyewe kwa kurasa 30.

Usiku wa kuamkia kikao, mweleze wazo lako mkeo, au mumeo, au mama yako, yeyote asiyeijua kazi yako. Akikuuliza, "Kwa hiyo unataka wafanye nini?", kaa chini ulipange upya kabla hujalala.

Wallaahu a'lam.