MKOPO WA CHUO: NANI ATAMJIBU BINTI HUYU?



Yuko binti mmoja mtaani kwetu hapa Tanga, mwenye umri wa miaka 18, anayesoma kidato cha sita katika shule ya bweni mkoa wa mbali. Masomo yake ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na nia yake ni kwenda Muhimbili akasomee udaktari. Likizo iliyopita alikuja kunisalimu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikosesha raha. Alisema, "Mjomba, baba amesema mkopo wa serikali ni riba, na riba ni haramu. Fedha za ada yeye hana. Basi mimi nasomea nini?"

Wananchi, hilo si swali la utoto. Binti huyu huamka saa kumi za usiku, akasali Alfajiri, akafungua vitabu. Adhuhuri husali upesi upesi nyuma ya bweni, maana akichelewa kipindi cha maabara huambiwa mbele ya wenzake kwamba ni mvivu anayejificha kwenye msala. Funga zake hazikosi. Anazo bahati kuliko waliomtangulia, maana mwaka 2019 Ramadhani iliangukia mwezi wa Mei, ndio mwezi wa mtihani wa kidato cha sita, na vijana wetu waliingia chumba cha mtihani wakiwa wamefunga. Hayo yote huyavumilia bila ya kunung'unika. Lakini mtu huvumilia njia akijua iendako. Huyu ameambiwa kwamba mwisho wa njia yake kuna ukuta, na aliyemwambia ni baba yake mzazi.

Sasa tuutazame ukuta wenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa miaka mingi deni la mwanafunzi lilikuwa likiongezwa 6 kwa mia kila mwaka, nyongeza iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha. Jina lilikuwa zuri, lakini deni lilikuwa likinenepa, na Mwislamu aliyelitazama akasema "hii ni riba" hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Wako vijana walioacha chuo kwa ajili hiyo, na wako waliochukua mkopo huku nyoyo zao zikiwachoma.

Basi mwaka 2021, siku ya Mei Mosi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mbele ya wafanyakazi kwamba ile 6 kwa mia imefutwa. Habari hiyo ilipigiwa makofi na watumishi waliokuwa wakikatwa mishahara. Lakini je, ilifika msikitini? Ilifika kwenye baraza ya kahawa anapoketi baba wa binti huyu? Nimemwuliza mwenyewe, kwa heshima, maana ni mkubwa wangu. Hakuwa na habari. Alikuwa akikataa jambo la mwaka 2010 kwa mtoto wa leo!

Mimi si shehe, wala sitathubutu kutoa fatwa katika gazeti. Inabaki ada ya uendeshaji anayotozwa mkopaji, na kama hiyo ni ujira wa kazi au ni riba kwa jina jingine, hilo ni la wanachuoni kulisema. Ninachodai ni kwamba walitamke. Walitamke waziwazi katika hotuba ya Ijumaa, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, ili mzazi akikataa akatae kwa elimu, na akikubali mtoto aende bila ya dhambi kichwani. Kunyamaza kwao kunawagharimu vijana kuliko fatwa yoyote.

Na sisi wanachama tusijifiche nyuma ya mashehe. Fomu ya mkopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, hutaka mdhamini, hutaka saini ya serikali ya mtaa au kijiji, na yatima hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi. Hao wenye mihuri ya mitaa ni akina nani? Wengi wao ni sisi wenyewe tunaosoma gazeti hili. Mara ngapi kijana amezungushwa "njoo kesho" mpaka siku zikaisha? Cheti cha kifo cha mzazi aliyezikwa kijijini bila ya karatasi hakipatikani kwa siku mbili, na mwanafunzi aliye bweni hawezi kukifuatia. Kazi hiyo ianze sasa.

Chama kina deni la zamani katika jambo hili. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi wa kwanza wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza masomo yao katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama kiliwapisha vijana katika nyumba yake. Tena mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilifunguliwa katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Mkapa, naye alikuwa Mkristo. Hakuna aliyeulizwa kwanza anasali wapi.

Kuna mzazi mmoja ataniambia kwamba mtoto wa kike amtafutie mume, chuo kitamharibu. Huyo simjibu leo, maana huyo hatafuti fatwa, anatafuta kisingizio. Namjibu yule mzazi mwaminifu mwenye hofu ya Mungu na mfuko mtupu, kama jirani yangu.

Jumapili ijayo, baada ya Alasiri, jirani yangu na mimi tutakwenda kwa imamu wetu na karatasi za Bodi mkononi, tumsomee kifungu kwa kifungu, tumsikilize. Binti amearifiwa. Amejibu kwa maneno machache kwamba anangoja, na kwamba amefika sura ya mwisho ya Kemia.

Mwananchi, Tanga