Mchimba Madini Naye Apige Hodi

Ndugu zangu wa Mvita, jambo la machimbo tumezoea kulitazama kama la watu wa mbali. Si la mbali. Tangu Februari 2014 mchanga wa titaniamu uliochimbwa Kwale na kampuni ya Base Titanium uliletwa kwa malori hadi Likoni, ukapakiwa melini ng'ambo tu ya kisiwa chetu, na kila aliyekwenda kupunga upepo Mama Ngina aliweza kuziona meli hizo zikitoka Kilindini. Machimbo hayo yalifungwa Desemba 2024. Sasa macho yameelekea Mrima, kilima cha huko huko Kwale chenye niobiamu na madini adimu ambayo mataifa makubwa yanayagombea. Kabla sururu haijainuliwa tena, yafaa tusemezane.

Sisi wa Mji wa Kale tumelelewa kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka bila kinyongo. Heshima ninayoidai kwa kampuni za madini ni hiyo hiyo: waulize kwanza, nao wawe tayari kuambiwa hapana. Aliyekwisha kuingia ndani hawezi tena kupiga hodi, hata akija na sinia la halua.

Waliopuuza hilo wameona matokeo yake. Mwaka 2001 wakulima wa Kwale waliipeleka kampuni ya Tiomin, ya Kanada, katika Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa, na jaji akaizuia kuendelea kwa kuwa haikuwa imefuata sheria ya kupima athari kwa mazingira. Mrima nako, kampuni ya Cortec ilipewa leseni Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, nayo ikafutwa Agosti mwaka huo huo. Cortec ikaishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Oktoba 2018 wasuluhishi waliikatalia: leseni ilipatikana bila kutimiza masharti ya sheria, nacho kilima ni msitu wa hifadhi na kaya takatifu ya Wadigo. Basi mwekezaji asidhani kwamba kuwaendea wazee wa kaya ni kupoteza wakati. Cortec ilikwepa masharti, ikapoteza miaka na fedha, na mawe yakabaki pale pale.

Wala saini ya serikali pekee haitoshi. Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, Australia, yenye athari za watu za miaka 46,000, huku ikiwa na kibali halali mkononi na wenye ardhi wakilia. Mkuu wa kampuni alilazimika kuondoka. Mapango hayakurudi.

Kuhusu Base, haki isemwe. Ilisomesha vijana, ilijenga zahanati na madarasa, iliwasaidia wakulima wa pamba na viazi. Nani atakana mema hayo? Lakini hisani ni mbali na haki ni mbali. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha waziwazi: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayochimbiwa. Miaka ilipita, mchanga ukiendelea kuondoka, bila fungu lile la kumi kuwafikia wanakijiji. Hilo si kosa la kampuni, ni kosa la Nairobi. Ila kwa mama aliyehamishwa Maumba au Nguluku, kampuni na serikali ni kitu kimoja, na sioni namna ya kumlaumu. Kampuni yenye heshima haiwezi kusema, "Mimi nimeshalipa," kisha ikafumba macho. Ingetangaza kila mwaka, kwa Kiswahili, barazani na redioni, imelipa kiasi gani na kwa nani, ili mwananchi ajue wa kumdai.

Wako watakaosema kwamba madini ni mali ya taifa zima, na kijiji kimoja hakiwezi kulifungia taifa riziki. Kweli, Katiba ya 2010 imeyaweka madini chini ya taifa. Lakini makaburi, mashamba na kaya vina wenyewe, na sheria ile ile ya 2016 inataka ridhaa kabla ya kuchimba katika ardhi ya jamii. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliihukumu Kenya kwa kuwanyang'anya Waendorois ardhi yao karibu na Ziwa Bogoria, ambako vibali vya kuchimba rubi vilikuwa vimetolewa, ikasema ridhaa lazima itafutwe kwa kufuata mila za wenyewe. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walitaraji mwenyeji apone kweli.

Nasi wa kisiwani tuna wajibu wetu. Wengi wetu tuna wajomba na shangazi Msambweni na Lungalunga. Mombasa ina mawakili, wahasibu, walimu: waende wakawasomee jamaa zao mikataba kabla vidole havijatiwa wino. Na dalali wa mjini anayekwenda kununua shamba la mzee pembeni mwa Mrima kwa bei ya kutupa, akijua kilicho chini yake naye mzee hajui, anakula haramu, na aambiwe hivyo usoni.

Mheshimiwa Hassan Joho, ulikuwa gavana wetu miaka tisa na tangu Agosti 2024 Wizara ya Madini imo mikononi mwako. Wewe ni mtoto wa pwani. Kabla ya kutia saini leseni yoyote ya Mrima, nenda ukaketi na wazee wa kaya, wanawake na vijana, si mara moja. Ziwekwe karatasi zote mezani kwa lugha wanayoielewa, mgawo wa jamii uandikwe pamoja na tarehe ya kulipwa. Na wakisema hapana, tunakuomba ukiache kilima.