Nani Aliyeghushi Uso?

Ndugu msomaji, wako wasemao kuwa kila ajipigaye picha mwenyewe ni mtu wa kujiona tu. Neno hili ni jepesi mno. Itazame picha aliyojipiga Ilse Bing, bibi wa Kijerumani, mjini Paris mwaka 1931. Kioo cha mbele kinaonyesha uso wake, cha pembeni kinaonyesha ubavu wake, na kamera yake ya Leica imo katika vyote viwili. Lau alitaka kusifiwa tu, angaliificha kamera. Yeye kaiweka wazi, tuone picha inavyotengenezwa. Na Herbert Bayer wa Austria, mwaka 1932, alijionyesha kiooni kashika kipande cha mkono wake kilichokatwa kama cha sanamu, naye kakodoa macho! Ni hila, naam, lakini haimghilibu hata mtoto.

Sasa tujitazame sisi. Simu inalainisha ngozi, inafuta madoa, inachonga pua. Kisha picha hiyo ndiyo tunayowapelekea watu wa posa, wala hatusemi kitu. Mposaji akifika barazani akauliza yuko wapi yule aliyeonyeshwa, tutamjibuje?