Shabana na kiu ya mabao: Straika hanunuliwi mara moja yakaisha

Msimu wa Ligi Kuu ya Kenya wa 2025/26 ulikuwa ukibisha hodi. Ukitaka kujua Wakisii wanazungumza nini wakati huu, huna haja ya kupanda basi la usiku hadi Kisii. Nenda Kongowea kwa wauzaji wa ndizi na parachichi, au simama kidogo kwenye steji ya bodaboda kule Bamburi au Likoni. Utaulizwa swali moja tu kuhusu Shabana: mabao yatatoka wapi?

Kwa msomaji wa Pwani ambaye hafuatilii sana soka ya bara, pengine jina lenyewe linachekesha. Kwetu hapa Shabana ni jina la binti. Kule Gusii ni jina la timu, na asili yake ni duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii ambalo wenyewe waliilea klabu hii tangu mwaka 1980. Duka lilikuwa la mfanyabiashara, lakini timu iligeuka kuwa ya watu. Iliteremshwa kutoka ligi kuu mwaka 2006, ikazunguka ligi za chini miaka 17, na ilipopanda tena mwaka 2023 watu walijaa barabarani kana kwamba kuna harusi ya ukoo mzima.

Msimu wake wa kwanza baada ya kurudi ulikuwa wa kuhangaika ili isishuke tena. Msimu wa 2024/25 mambo yalibadilika. Chini ya kocha Peter Okidi, Shabana ilipigana na wakubwa na kumaliza miongoni mwa timu za juu, huku Kenya Police wakitwaa taji lao la kwanza. Sasa mashabiki wameonja asali na wanataka mzinga. Nami nasema wana haki ya kutaka. Lakini nina shaka na njia wanayoitaka.

Njia hiyo ni hii: dirisha la uhamisho likifunguliwa, klabu inunue straika mkali na kazi iishe. Kila jina linalotajwa mitandaoni hupokelewa kama mkombozi. Wiki mbili baadaye, akipiga nje mara tatu, huyo huyo huitwa mzigo.

Tuanze na hesabu, maana hapo mashabiki wako sahihi kabisa. Ligi yetu ina timu 18 na kila timu hucheza mechi 34. Ni ligi ya mabao machache, na mechi nyingi huamuliwa kwa bao moja au huisha bila bao. Sare ni pointi moja, ushindi ni pointi tatu. Chukua sare nne za bila kufungana katika msimu mzima, uziongezee bao moja moja tu, na umepata pointi nane zaidi. Pointi nane zinaweza kuitoa timu nafasi ya tisa na kuileta katikati ya mbio za ubingwa. Kwa hiyo anayesema Shabana inahitaji mabao haoti ndoto za mchana.

Tatizo linaanza anapodhani kwamba mabao hayo yanauzwa dukani na ukishanunua ni yako.

Tazama wafungaji wa ligi hii walikokwenda. Elvis Rupia wa Kenya Police alifunga mabao 27 msimu wa 2022/23 na kuivunja rekodi ya Maurice Ochieng ‘Sonyi’ iliyodumu tangu 1976. Mwaka huo huo akahamia Singida, Tanzania. Benson Omala wa Gor Mahia aliyekuwa akimkimbiza naye aliondoka mwaka 2024 kwenda Lebanon. Ryan Ogam wa Tusker alifunga mabao mawili kwenye CHAN mwezi Agosti 2025, moja dhidi ya Morocco na jingine dhidi ya Zambia, na kabla jasho halijakauka alikuwa amesajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Hizo si klabu ndogo. Kama Gor Mahia na Tusker hawawezi kumzuia mfungaji asiondoke, Shabana itamzuia kwa kamba gani?

Wala simlaumu kijana anayeondoka. Maisha ya mchezaji ni mafupi na kodi ya nyumba haingoji. Ninachosema ni kwamba timu inayotegemea mtu mmoja kufunga inajenga nyumba juu ya mchanga wa ufuo. Maji yakijaa, hakuna nyumba.

Hiyo CHAN yenyewe ilitupa somo jingine. Harambee Stars ya Benni McCarthy iliongoza kundi lenye Morocco, DR Congo, Angola na Zambia kwa pointi 10. Ilifunga mabao mangapi katika mechi hizo nne? Manne tu. Bao moja kila mechi, ushindi mara tatu na sare moja, kisha ikatolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti. Nchi nzima ina kiu ya mabao, si Gusii peke yake. Lakini yale manne yalitosha kwa sababu timu ilijua kulinda bao ililopata, na kila mmoja alijua mpira utapita wapi hadi umfikie mtu wa mbele. Straika ni mdomo. Mikono inayopeleka tonge ni ya wengine.

Kwa hiyo ningekuwa shabiki wa Tore Bobe, kama wanavyojiita, nisingeanza kuuliza nani atavaa jezi namba tisa. Ningeuliza mawinga ni akina nani na krosi zao zinaanguka wapi. Ningeuliza nani anapiga kona na frikiki, na kama mazoezini wanazirudia mpaka zizoeleke. Ningeuliza kama kiungo anathubutu kupiga pasi ya mbele au anarudisha kwa beki kila akibanwa. Hayo ni mambo ya kocha na ya wachezaji waliopo tayari, na hayahitaji mamilioni ya uhamisho.

Jambo la pili ni kilimo. Kisii na Nyamira ni kaunti mbili, lakini siku ya Shabana ni boma moja. Hata Keroka, mji ambao kaunti hizo zinagombania mpaka na ushuru wake, hauulizi wewe ni wa upande gani ukiwa umevaa jezi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Jumla ni karibu milioni moja na laki tisa, wengi wao vijana. Ni vigumu kuniaminisha kwamba kati ya watu wote hao hakuna vijana watano wanaojua kutia mpira wavuni.

Na historia inanipa nguvu. Henry Motego, mshambuliaji aliyetajwa nchi nzima miaka ya themanini na kuichezea Harambee Stars, alikuwa wa Shabana. Mike Okoth naye alipitia Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji, ambako alikuwa na Genk ilipotwaa ubingwa mwaka 1999. Mwanawe, Divock Origi, ndiye aliyeifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2019. Klabu iliyowahi kupitiwa na watu kama hao haikosi jicho la kumtambua mfungaji. Inachokosa ni njia ya kudumu ya kumtoa kijana Nyansiongo, Ogembo au Kebirigo na kumfikisha Gusii Stadium.

Magharibi wana njia hiyo. Kakamega School na St Anthony’s Kitale zimelisha klabu za ligi kuu kwa miaka mingi. Gusii ina shule kubwa za wavulana kama Kisii School, Cardinal Otunga Mosocho na Nyambaria. Wakiweka mkataba wa kweli kati ya klabu na shule, pamoja na timu ya chipukizi inayocheza kila wiki, mfungaji mmoja akiuzwa Austria, wa pili atakuwa ameshavaa viatu. Hapo kuuza mchezaji kutaacha kuwa msiba na kutakuwa mapato.

Sasa niseme la tatu, ambalo najua halitapendwa. Ni pesa ya mlangoni.

Tuchukue mfano tu. Tiketi ni shilingi 200 na watu 5,000 wamelipa. Hiyo ni milioni moja kwa mechi moja. Mechi za nyumbani ni 17 kwa msimu, kwa hiyo tunazungumzia milioni 17. Kwa klabu isiyo na shirika la serikali nyuma yake, hiyo ni mishahara ya miezi, ni basi, ni daktari wa timu, ni sababu ya winga mzuri kukubali kubaki mwaka mwingine. Kila anayeruka ukuta, kila anayepitishwa mlango wa nyuma kwa kumjua askari, anaiba krosi ambayo angeishangilia Machi. Na uongozi nao una deni lake: shabiki akilipa, aambiwe hesabu. Zisomwe wazi, kila mwezi. Mtu hawezi kuombwa kuchangia chungu asichoruhusiwa kufunua kifuniko chake.

Hapa ndipo sisi wa Pwani tunapoingia. Bandari yetu ina kile ambacho Shabana haina: Mamlaka ya Bandari Kenya, yenye uwezo wa kulipa mishahara. Mwaka 2018 ilimaliza ya pili, na msimu wa 2018/19 ikamaliza ya pili tena. Lakini nenda Mbaraki siku ya mechi ya kawaida uhesabu watu. Kisha nenda siku Shabana wanapokuja, uone ni nani anayepiga kelele katika uwanja wetu wenyewe. Inauma kidogo kusema, lakini ni kweli.

Wao wana watu bila pesa, sisi tuna pesa bila watu, na wote wawili hatuna kombe. La ligi lilitua Pwani mara ya mwisho mwaka 1965 kupitia Feisal ya Mombasa. Gusii halijawahi kufika kabisa. Pesa pekee haikutosha kwetu, na kelele pekee hazitatosha kwao.

Ninachowaombea Wakisii, na hata wale wa Minnesota wanaofuatilia matokeo usiku kwenye simu, ni subira yenye masharti. Wasiipime safu ya mbele kwa mechi tatu za kwanza. Waipe kumi. Katika hizo kumi, wahesabu nafasi za wazi zilizotengenezwa, si mabao peke yake. Timu inayotengeneza nafasi nyingi na kuzikosa, mabao yako njiani. Timu isiyotengeneza kitu, hata ukiiletea Rupia na mabao yake 27, atasimama mbele kama mlingoti usio na tanga.

Na wasimzomee kijana wa nyumbani akikosa. Motego naye alikosa kabla ya kufunga. Mabao ambayo Gusii inayangoja msimu ujao huenda yamo miguuni mwa mvulana wa kidato cha tatu ambaye leo jioni anacheza pekupeku kwenye kiwanja cha mteremko, nyuma ya shamba la chai huko Nyamira. Swali ni kama kuna mtu wa klabu aliyekwenda kumtazama.