Jometri ya Kibuyu na Upasuaji wa Fuvu

Mwanafunzi wa Igunga aliyekariri kanuni ya Heron ya kutafuta eneo la pembetatu aghalabu huiacha katika chumba cha mtihani. Hiyo ni hasara, kwani kanuni hiyo hiyo huwasaidia wataalamu kupima nafasi ya kufanyia upasuaji kwenye kitako cha fuvu.

Tezi ya pituitari, yenye uzito wa takriban nusu gramu, imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Uvimbe ukiota hapo huweza kubana mishipa ya fahamu ya macho, na mgonjwa akapoteza uwezo wa kuona pembeni. Daktari huufikia kwa kupitisha puani endoskopu, yaani neli yenye taa na kamera, ambayo upana wake ni kama milimita 4, pamoja na vyombo vyake vya kazi. Kuume na kushoto imepita mishipa mikubwa ya damu. Kosa dogo laweza kuua.

Ili kulinganisha njia za kupita, watafiti hutumia maiti zilizotolewa kwa ajili ya elimu. Ncha ya chombo huwekwa mahali palipokusudiwa, kisha mwisho wake wa nje husogezwa kila upande mpaka uzuiwe. Mipaka hiyo huungwa kuwa pembetatu, na eneo lake hukokotolewa.

Jambo hili laweza kufanywa darasani kwa kibuyu cha maziwa. Udongo ubandikwe chini kabisa, ncha ya kijiti ikae humo, na mwisho wa nje usogezwe pande tatu. Tuseme umbali kati ya alama hizo ni sentimita 5, 5 na 6. Nusu ya jumla ni 8. Eneo ni kipeuo cha pili cha 8 × 3 × 3 × 2, yaani sentimita 12 za mraba.

Sasa kijiti kiwe kirefu mara mbili. Eneo litakuwa 48, ilhali shingo ya kibuyu haikupanuka hata kidogo! Basi eneo lisilotajiwa urefu wa chombo humpotosha msomaji, na katika upasuaji anayelipia upotovu huo ni mgonjwa.

Hapana budi, basi, walimu wadai zaidi ya jibu sahihi. Mwanafunzi aeleze pia kipimo kilipatikanaje, na kwa masharti gani. Shule isiyo na maabara haina udhuru: vibuyu vimejaa majumbani.