Injini Nyingine au Gari Jingine?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), juma hili tutazungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mmepata kutuuliza, nasi hatukulijibu vyema mpaka lilipotufika wenyewe: gari likifa injini, je, litiwe nyingine, au litafutwe gari jingine?

Letu lilitufia tukirudi kutoka maziko ya jamaa yetu, Takaungu. Tulipopita Matsangoni, mama watoto alitwambia, "Baba watoto, mshale wa joto umepanda." Tukamjibu kwamba Malindi si mbali na Magharibi imekaribia. Hatukufika hata Gede. Mvuke ulifoka mbele, injini ikagonga, ikazima. Tukaswali kando ya barabara, kisha tukavutwa kwa kamba hadi Malindi. Njia nzima mama watoto hakusema neno, na kimya chake kilituuma kuliko lawama.

Fundi wetu, kijana aliyesoma kwetu chuoni, alichomoa kijiti cha kupimia oili akatuonyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia ndani. Alipofungua, akakuta hedi imepinda na silinda zimekwaruzika. Tulipomuuliza kama tununue injini au gari, yeye alituuliza kwa adabu, "Maalim, mara ya mwisho uliangalia maji lini?" Hatukuwa na jibu. Mpira wa rejeta ulikuwa ukivuja siku nyingi, nasi tukiona tone chini ya gari tukisema ni la mvua.

Basi hilo ndilo swali la kwanza, ndugu msomaji: ni nini kilichoiua injini? Ikiwa ni uzee, hayo ni majaaliwa ya kila chuma. Ikiwa ni uzembe wa mwenyewe, hata gari jipya litakufa kifo hichohicho mikononi mwake.

Swali la pili ni hali ya gari lenyewe. Sisi watu wa pwani tuna adui aitwaye chumvi, na upepo wa bahari hula chuma usiku na mchana. Fundi aliingia chini akagonga chesisi kwa nyundo, mbele hadi nyuma, akisikiliza mlio. Lau ingekuwa imeoza, kutia injini kungekuwa ni kuezeka makuti mapya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Alhamdulillahi, ilikuwa nzima.

Swali la tatu ni hesabu. Injini ya mtumba, rejeta, mipira, oili na ujira wa fundi vilifika shilingi 140,000. Gari mfano wa letu, lililo zima, lilikuwa likiuzwa 600,000. Letu likiwa bovu tulipewa bei ya 150,000, na akiba yetu ilikuwa 200,000. Tungeuza na kutoa akiba yote, bado tungepungukiwa na 250,000. Na mwenye kutaka kuagiza kutoka Japani akumbuke kwamba sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hivyo yale makuukuu ya bei nafuu hayaingii.

Upungufu kama huo ndio mlango wa riba. Wako wanaokopesha kwa kuweka rehani logibuku, na wengi wamepoteza gari na fedha pamoja. Tangu mwaka 2008 zipo hapa nchini benki zinazofuata sharia, na kwazo kuna murabaha: benki hununua gari, ikalimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei na faida mliyokubaliana, ukalipa kwa awamu. Hiyo ni biashara ya halali. Hata hivyo ni deni, na deni halichukuliwi ila kwa haja.

Tukiwa katika hesabu hizo, alitujia dalali na njia ya mkato. Funga hedi, alisema, tia oili nzito, mlio utatulia siku chache. Mnunuzi wa mbali atatoa 400,000. Hatutaficha kwamba usiku ule tuliifikiria. Fedha ile ilikuwa inatosha kutuondolea haya mbele ya mama watoto. Ndipo tukakumbuka habari ya Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono katika lundo la nafaka akakuta unyevu chini yake, akamkanya mwenye mali kwa kutouweka juu watu wakauona. Oili nzito ni unyevu uliofichwa chini. Gari bovu huuzwa kwa kutaja ubovu wake, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana hiari ya kurudisha.

Tukatia injini. Anayefanya hivyo adai risiti ya injini kwa muuzaji, tena ahakikishe nambari yake mpya imeandikishwa NTSA, kwani gari ambalo nambari ya injini hailingani na logibuku humtia mwenyewe mashakani siku ya kuuza au ya kusimamishwa na askari.

Kama chesisi ingekuwa imeoza, tungeliuza na aibu yake wazi, tukapanda matatu mpaka Mwenyezi Mungu atakapofungua. Si fedheha mtu kupanda matatu.

Siku hizi, baada ya Alfajiri, twafunua boneti tukatazama maji na oili kabla ya jambo jingine. Na mama watoto akisema mshale umepanda, twasimama papo hapo, hata ikiwa nyumbani kwaonekana.

Wabillahi tawfiq.